Skopu ya bunduki ya leva kwa kuwinda kulungu: maswali mnayouliza kila msimu

Msimu ukikaribia meseji zinaanza kumiminika na nyingi ni zile zile, mtu kapata cheti chake cha kozi ya usalama wa uwindaji, kanunua Marlin au kapewa Winchester ya mzee fulani wa kanisani (bunduki za leva, zile za kushusha na kupandisha mpini ulio chini ya triga ili risasi iingie), sasa yuko dukani mbele ya kabati limejaa skopu, zile darubini za kufunga juu ya bunduki, hajui aanzie wapi na muuzaji anamsukumia ya bei kubwa. Nimeona niyaweke majibu sehemu moja. Mimi nawinda Pennsylvania kwa hiyo mifano mingi ni ya msitu wa huku, miti imebanana, kulungu mkia mweupe unamwona yuko yadi 40 au 60, akiwa mbali sana ni 120. (Yadi 100 ni kama mita 91, tusisumbuane na hesabu.) Anayewinda mbuga za wazi kule Wyoming asome ila apunguze na aongeze mwenyewe.

Kwani lazima niweke skopu? Wazee walikuwa wanawinda bila skopu

Si lazima. Winchester 94 imetoka 1894, imechorwa na John Browning, na miaka yote hiyo watu wameangusha kulungu kwa shabaha za chuma tu, vile vijichuma vya kulengea vilivyo juu ya mtutu. Kama macho yako ni ya miaka 25 na unapiga chini ya yadi 75, tulia na za chuma, au weka ile ya tundu, nitaieleza huko chini.

Ila wengi wetu tumeanza uwindaji ukubwani. Ukishapita arobaini macho hayawezi kuona shabaha ya nyuma, ya mbele na mnyama vyote vikiwa safi kwa wakati mmoja, kimoja lazima kiwe na ukungu. Skopu inaweka kila kitu kwenye usawa mmoja, unatazama mahali pamoja basi. Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi, skopu inakusaidia kujua unachopiga ni nini. Pembe ziko ngapi, ni dume au jike, nyuma yake kuna nini. Hapo hapo niseme kabisa, skopu sio ya kuchungulia watu. Ukitaka kujua kile kinachosogea kule ni mtu au mnyama tumia darubini ya mkononi, usimwelekezee mtu mtutu hata siku moja.

Nitajuaje kama bunduki yangu inakubali skopu?

Angalia ganda la risasi linatokea wapi ukivuta leva. Likitoka pembeni, uko salama. Marlin 336 (ipo tangu 1948) inatema pembeni na juu imefunikwa na chuma kizima, nyingi zina matundu ya skrubu tayari kutoka kiwandani. Henry za .30-30 (hilo ni jina la aina ya risasi) ni hivyo hivyo. Browning BLR haina shida. Savage 99 nayo inatema pembeni na haina hata nyundo ya nje, ila zile za zamani sana hazikutobolewa.

Shida ni Winchester 94 zilizotengenezwa kabla ya 1982. Zile zinatema juu, ganda linaruka kupita pale pale ambapo skopu ingekaa. Mwaka 1982 ndo wakaleta mfumo wa kutema kwa pembe, ganda linaenda kulia, na hizo zinafungwa skopu vizuri tu. Ukiwa na ya zamani una njia mbili, uweke mkono wa pembeni unaoisogeza skopu kushoto (mbaya, shavu lako linaelea hewani), au uweke skopu ya mbele kwenye mtutu, ile yenye umbali mrefu wa jicho. Mimi ningesema njia ya tatu, iache kama ilivyo. Na kama ni ya kabla ya 1964 tafadhali usimpelekee fundi aitoboe matundu, wakusanyaji wanalipa pesa nzuri kwa ambayo haijaguswa na ukishatoboa haurudishi.

Zumu ngapi inatosha?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni matawi. Jibu langu ni 1.5-4 au 2-7 (yaani inakuza mara 1.5 mpaka 4, au mara 2 mpaka 7), na ukiwa na 2.5 isiyobadilika hujakosea kitu.

Bunduki ya leva ya .30-30 inapiga risasi ya grain 150 (grain ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa kasi ya futi 2390 hivi kwa sekunde, ya grain 170 kwa futi 2200. Ni risasi pana, butu, inapoteza kasi haraka. Kazi yake ni mpaka yadi 150, na mwenye mkono mzuri 200. Sasa kwenye umbali huo kulungu sio mdogo, eneo la moyo na mapafu ni upana wa sahani ya karatasi ya pikiniki, inchi 8. Huhitaji zumu ya 12 kuona sahani iko yadi 80.

Unachohitaji ni upana wa unachoona. Hapa ndo watu wanapotea. Skopu ya 3-9x40 (40 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) ukiwa kwenye 3 inakuonyesha kama futi 33 za upana kwenye yadi 100. Ya 2-7 ukiwa kwenye 2 inakupa kama futi 43. Ya 1.5-4 ukiwa chini kabisa inapita futi 70. Sasa kwenye msitu kulungu hayuko yadi 100, yuko yadi 30 anatokea nyuma ya mti anatembea, kwa hiyo gawa hizo namba kwa tatu. Mwenye 3-9 anaona futi 11, na kama jana aliisahau kwenye 9 anaona manyoya ya kahawia tu, hajui ni bega au ni paja, anahangaika kuzungusha na mnyama anamuaga. Hiyo ya kusahau skopu kwenye zumu kubwa inatokea kila msimu kwa watu wenye akili zao timamu. Kaa kwenye namba ya chini kabisa ukitembea. Ukiwa umekaa na una muda ndo unapandisha.

Muuzaji kaniambia 4-16x50 ni bora na ipo kwenye ofa

Ni bora kwa bunduki nyingine. Ukiweka hilo bomba juu ya Marlin inabidi ringi ndefu (pete zinazoshika skopu) ili lenzi ya milimita 50 isiguse mtutu, ukiweka ringi ndefu shavu linatoka kwenye kitako, na bunduki iliyokuwa nyembamba inayobebeka kwa mkono mmoja katikati inakuwa nzito juu, inapinduka begani. Raha yote ya bunduki ya leva ni kwamba ni fupi, bapa, na inaingia begani haraka. Unaua kile ulichoinunulia.

Lakini lenzi kubwa si inaleta mwanga zaidi? Kulungu wanatoka alfajiri na jioni

Ni kweli kulungu wanatembea hizo saa, na majimbo mengi yanaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, Pennsylvania ikiwemo. Kwa hiyo mwanga ni kitu. Ila fanya hesabu hii ndogo, chukua upana wa lenzi ya mbele gawa kwa zumu unayotumia. Jibu ni upana wa mwanga unaofika kwenye jicho, kwa milimita. Mboni ya binadamu gizani inafunguka mpaka kama milimita 7, na ukizeeka inapungua. Skopu ndogo ya 1.5-4x20 ukiwa kwenye 4 inakupa 5. Ukishuka kwenye 2 inakupa 10, zaidi ya jicho linavyoweza kupokea. Ya 50 ukiwa kwenye 10 inakupa 5 hiyo hiyo. Umeona? Zumu ndogo ndo mwanga. Baada ya hapo kinachotofautisha ni ubora wa kioo na rangi ya kuzuia mng'ao iliyopakwa, na hapo ndo pesa yako iende, sio kwenye ukubwa.

Msalaba, ile mistari ya kulengea ndani ya skopu, uwe wa aina gani?

Ule wa kawaida, mistari minene pembeni inakuwa myembamba katikati, ambao Leupold waliuleta 1962 wakauita Duplex na kila kampuni ikaiga. Mnene uwe mnene kweli. Asubuhi ya mawingu ndani ya misonobari mistari myembamba inapotea kabisa, unaona kulungu huoni msalaba. Wenye taa ndogo katikati ni mzuri pia ila beba betri ya akiba na uhakikishe msalaba unaonekana hata betri ikiisha.

Ile misalaba yenye vijimstari kama rula na mti wa Krismasi chini ni ya wanaopiga yadi 600. Achana nayo.

Umbali wa jicho ni nini na kwanini kila mtu anaurudia?

Ni nafasi kati ya jicho lako na kioo cha nyuma ambapo unaona picha nzima, haijazungukwa na giza. Bunduki ikipiga inarudi nyuma, na skopu inarudi nayo. Nafasi ikiwa ndogo ule ukingo wa chuma unakupasua juu ya nyusi, na watu wana alama ya nusu mwezi hapo ya kuthibitisha.

.30-30 teke lake ni la kistaarabu, inchi 3.5 zinatosha. .45-70 ni habari nyingine. Ile ni risasi ya jeshi la Marekani ya 1873, na ukiipakia za kisasa zenye nguvu kwenye bunduki nyepesi inakusukuma kweli kweli. Huko nataka inchi 4 na skopu imara yenye dhamana, sio ile ya bei ya pizza iliyotengenezwa kwa bunduki ya .22. Kumbuka pia ukipiga kuelekea juu mlimani jicho linasogea karibu na kioo zaidi ya unapokaa mezani uwanja wa shabaha. Wakati wa kufunga, vaa jaketi lako la baridi, funga macho, weka bunduki begani, fungua macho. Picha ikiwa kamili bila kusogeza shingo, hapo ndo mahali pake. Ukiipima umevaa tisheti, Novemba ukiwa na manguo matatu kila kitu kimehama.

Nimefunga skopu na sasa nyundo haifikiki kwa kidole

Hili nalichukulia serious kuliko yote kwenye ukurasa huu. Bunduki nyingi za leva zina nyundo ya nje nyuma, unaivuta kwa dole gumba kabla ya kupiga, na cha hatari zaidi, unaishusha polepole kwa dole gumba hilo hilo ukiamua kutopiga. Skopu inakaa juu yake. Sasa piga picha: baridi ya kuganda, glavu nene, kulungu kaondoka, una risasi kwenye chemba na nyundo imevutwa, kidole kinaingia kwenye kijinafasi kati ya nyundo na skopu, unabonyeza triga ili uishushe, na glavu inateleza. Bunduki imelia.

Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma kinachofungwa pembeni ya nyundo kwa skrubu ndogo, kinatokeza kulia au kushoto ili dole gumba lisipite chini ya skopu. Mara nyingi kinakuja kwenye boksi la Marlin mpya, ukinunua ya mkononi kakinunue, ni bei ya chakula cha mchana. Kaza skrubu yake na uikague kila asubuhi, inalegea. Halafu fanya mazoezi nyumbani bunduki ikiwa TUPU, umeikagua mara mbili, ukiwa na glavu zako: vuta, shusha, vuta, shusha, mtutu ukielekea mahali salama. Mara zote, hata ukutani nyumbani. Marlin za kuanzia miaka ya 80 zina kitufe cha usalama cha kusukuma pembeni, kisukume kwanza ndo ushushe nyundo. Wapenzi wa bunduki za kale wanakichukia kile kitufe, eti kinaharibu sura. Waache na sura zao.

Besi na ringi nichukue zipi?

Besi ni reli inayofungwa kwenye mwili wa bunduki, ringi ndo zinashika skopu. Kwa Marlin 336 na Henry ya .30-30 besi ya Weaver namba 63B ndo ya kila siku, haina mbwembwe. Ringi ziwe za chini kadri inavyowezekana, kwa sababu kitako cha bunduki ya leva kimekatwa kwa ajili ya shabaha za chuma, kipo chini. Skopu ikikaa juu shavu halina pa kuegemea, unaegemeza kidevu, na kila ukipachika begani jicho linatafuta picha upya. Ila kabla ya kulipia hakikisha nyundo ikivutwa yote haigusi skopu na kioo cha nyuma hakigongi shabaha ya nyuma. Kama kitako bado kipo chini, kuna vifuniko vya ngozi vyenye sponji vinafungwa kwa kamba juu ya kitako, vinapandisha shavu, na vingine vina nafasi za kuchomeka risasi.

Skrubu zipanguse mafuta, weka tone moja la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee kwenye skrubu za besi (nyekundu hapana, fundi atakutukana), na kaza kwa kifaa kinachopima nguvu kufuata karatasi ya mtengenezaji. Kwa ringi nyingi ni kama paundi-inchi 15 hadi 18. Bisibisi ya jikoni na hasira ndo inabana bomba la skopu mpaka linakunjamana.

Zile ringi ndefu za kuona chini, unatumia skopu juu na shabaha za chuma chini, vipi?

Zinauzwa sana na kwenye karatasi ni wazo zuri. Mkononi skopu inakuwa juu kama antena na hakuna kati ya viwili unachokitumia vizuri. Hapana.

Red dot? Au shabaha ya tundu?

Red dot (kioo kidogo chenye nukta nyekundu ya kulengea) kwenye bunduki ya leva ni haraka sana, macho yote mawili wazi, nukta kwenye bega, piga. Kwa yadi 75 kushuka chini, kwenye kichaka kinene, huwa najiuliza kwanini watu wengi zaidi hawatumii. Haikuzi picha, kwa hiyo jioni kwenye mita za mbali inakuwa ngumu kusema kama lile ni tawi au pembe. Na kama una astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) nukta inaonekana kama nyota iliyopasuka au koma, jaribu dukani kwanza.

Shabaha ya tundu inafungwa nyuma, unachungulia kwenye kitundu, jicho lenyewe linaiweka shabaha ya mbele katikati bila wewe kufikiri. Haina betri wala kioo cha kupata ukungu, mvua ikinyesha unapuliza. Skinner na Williams wanatengeneza nzuri. Kwa Winchester ya zamani inayotema juu hili ndo chaguo langu la kwanza.

Nazero vipi, yaani kuilinganisha skopu na mahali risasi inapogonga? Nina risasi boksi mbili tu na bei imepanda

Anza bila kupiga. Kwenye bunduki ya bolti unatoa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) unachungulia mtutuni, ya leva watu wanadhani haiwezekani. Marlin inawezekana. Hakikisha tupu, fungua leva nusu, toa skrubu moja ya egemeo la leva, leva inachomoka, bolti inateleza kurudi nyuma inatoka. Angalia kijichuma chembamba cha kutema ganda, kinadondoka kutoka ukuta wa ndani wa kushoto na kinapenda sana kujificha kwenye zulia. Sasa egemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia mtutuni mpaka karatasi ya yadi 25 iwe katikati ya duara, halafu bila kuigusa bunduki zungusha vinobu vya skopu mpaka msalaba uangukie pale pale. Winchester haichomoki kirahisi hivyo, tumia kile kifaa kidogo cha leza cha mtutuni, ila KITOE kabla ya kupiga.

Piga moja yadi 25. Skopu nyingi kliki moja ni robo inchi kwenye yadi 100, kwa hiyo yadi 25 kliki moja ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani inchi moja ni kliki 16, watu wanazungusha nne wanashangaa haisogei. Ukigonga katikati yadi 25, na skopu ikiwa imekaa chini, .30-30 ya kawaida itakuwa juu kati ya inchi 1.5 na 2 kwenye yadi 100. Nenda yadi 100 uthibitishe. Acha hapo hapo, hiyo ndo nataka.

Usiegemeze mtutu kwenye mfuko, egemeza mbao ya mbele karibu na mwili wa bunduki, ukiegemeza mtutu inapiga juu. Piga tatu, acha leva wazi bunduki ipoe. Bunduki ya leva ina bomba la risasi lililobanwa chini ya mtutu, chuma kikipata moto vinavutana na matundu kwenye karatasi yanaanza kutawanyika, unaanza kuilaumu skopu ambayo haina kosa. Kundi la inchi 2 au 3 kwenye yadi 100 ni kawaida kabisa kwa bunduki hizi na kulungu hatalalamika.

Risasi zenye ncha zinaenda mbali zaidi, naweza kutumia?

Kwenye bomba la risasi HAPANA. Risasi zinapangana moja nyuma ya nyingine, ncha ya moja inakaa kwenye kiwashio cha iliyo mbele yake, ukipata mtikiso mkubwa inaweza kulipuka ndani ya bomba, mkono wako wa kushoto uko hapo hapo. Ndo maana risasi za leva ni butu. Hornady wana LEVERevolution yenye ncha laini ya mpira inayobonyea, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya bomba na ni salama. Kwa .30-30 ni grain 160, futi 2400 kwa sekunde, na ukiiweka juu inchi 3 kwenye yadi 100 inarudi kwenye mstari karibu na 200, halafu 300 imeshuka futi nzima. Ya kawaida ya grain 170 ukiizero 100 inashuka kama inchi 8 kwenye 200. BLR na Savage 99 hazina bomba la namna hii, huko ncha ruksa.

Ukibadilisha aina ya risasi zero upya. Hata kama grain ni ile ile.

Nimesikia .30-30 inapita kwenye kichaka, kwa hiyo hata tawi likiwa mbele napiga tu?

Hadithi za baa. Hakuna risasi inayopita kwenye matawi bila kuyumba. Skopu inakusaidia kuliona lile tawi la kidole, hiyo ni sababu nyingine ya kuwa nayo. Subiri atoke, au mwache aende.

Niko Ohio, rafiki wa Pennsylvania ananiuzia Marlin yake ya .30-30 na skopu juu, nichukue?

Ngoja kwanza. Ohio kulungu wanawindwa kwa raifo za ganda lililonyooka tu, kuanzia .357 mpaka .50, na jumla ya risasi tatu kwenye bunduki. .30-30 ganda lake lina shingo, haikubaliki hata ikiwa na skopu ya dhahabu. .45-70, .44 Magnum, na .360 Buckhammer (Remington waliitoa 2023 kwa ajili ya majimbo ya namna hii) ziko sawa. Kingine, bunduki kutoka kwa mtu wa jimbo lingine lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, hampeani kwenye maegesho ya Walmart.

Skopu yangu inapata ukungu kila nikitoka

Ukungu ukiwa nje ya kioo ni wewe. Bunduki imelala kwenye gari lenye hita au sebuleni, ukiitoa haina shida sana, shida ni ukiirudisha ndani ikiwa ya baridi, inatoa jasho lote, halafu unaitoa tena alfajiri. Iache mahali pa baridi palipofungwa kwa kufuli. Na usipumulie kioo cha nyuma unapopandisha bunduki, pumua kwa pua kuelekea chini. Ukungu ukiwa NDANI ya skopu, gesi yake imetoka, irudishe kwa dhamana.

Bajeti yangu ni ndogo

Dola 150 mpaka 250 unapata kitu cha heshima, 2-7 ya Vortex au ya Burris, ukiongeza kidogo Leupold VX-Freedom. Ya mkononi ya Leupold naichukua bila wasiwasi kwa sababu dhamana yao haiulizi mnunuzi wa kwanza ni nani. Itikise usikilize kama kuna kinachogonga ndani, zungusha vinobu uhisi kliki, angalia bomba kama lina alama za kubanwa. Ukiona skopu mtandaoni ina jina la kampuni kubwa kwa dola 60, ni feki.

Mimi bado sijawa raia, naruhusiwa hata kushika hiyo bunduki?

Sheria ya shirikisho inasema hivi: mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua na kumiliki kama raia. Wakimbizi waliopokelewa rasmi hawahesabiwi kama watu wa viza ya muda. Aliye na viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, hiyo ni moja ya misamaha. Asiye na hadhi yoyote amekatazwa kabisa, hata kushika ya rafiki uwanjani. Majimbo yanaongeza ya kwao juu yake, na kosa hapa linaweza kukuondoa nchini, kwa hiyo lipa wakili wa uhamiaji saa moja kabla hujalipa skopu.

Mjomba wangu Tanzania ana leseni ya bunduki, naweza kumtumia skopu kwenye kontena?

Usiweke. Skopu za bunduki ziko kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na Wizara ya Biashara ya Marekani, na kwa nchi nyingi zinahitaji leseni ya kusafirisha nje hata ikiwa ni zawadi, hata ikiwa imefungwa ndani ya godoro katikati ya nguo za watoto. Upande wa kule nako kuna forodha na polisi wa eneo lake wanaosimamia leseni yake. Mwambie aulize kwa muuzaji bunduki aliyesajiliwa huko huko, na kama ni Kenya, kumbuka uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo maelezo ya “ni ya kuwindia” hayatakusaidia popote. Darubini ya mkononi ya kawaida ndo mtumie, hiyo atafurahia pia.